Hatari mnazoziandika, sisi ndio tunaozibeba: barua ya wazi kutoka Bariadi

Bariadi, Januari 2026

Kwa wachumi wa Idara ya Afrika, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), Washington.

Nakala: Wizara ya Fedha, Dodoma, Benki Kuu ya Tanzania, Bodi ya Pamba Tanzania, Mwanza.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu na mkulima wa pamba hapa Bariadi, mkoani Simiyu. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31. Sasa nalima ekari sita za pamba, mbili za mtama, na kipande cha mbuga ninachopanda dengu mvua zinapoelekea kukatika. Naandika mwezi huu wa palizi, wakati pamba ya Novemba na Desemba imeshaota na sisi tumo mashambani na majembe, kwa sababu najua nanyi mko kazini mkiandaa taarifa yenu ya Aprili. Mei msimu wa kununua pamba utafunguliwa na bei itatangazwa. Nataka barua hii iwafikie kabla ya vyote viwili.

Taarifa yenu ya Oktoba 2025 kuhusu uchumi wa Afrika kusini mwa Sahara nimeisoma kwa taabu, kamusi pembeni, maana haikuandikwa kwa lugha yangu. Mlikadiria eneo letu lingekua kwa asilimia 4.1 mwaka 2025 na asilimia 4.4 mwaka 2026. Aprili, miezi sita kabla ya taarifa hiyo, makadirio ya 2025 yalikuwa 3.8. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Anayekadiria na kukubali kurekebisha hesabu yake ni muungwana, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiwapa alama watoto waliofuta jibu lao baada ya kulihakiki.

Ugomvi wangu uko kwenye kurasa za hatari. Mnazitaja zote: mivutano ya ushuru kati ya mataifa makubwa, bei za bidhaa kuyumba, ukame, mikopo kuwa ghali, misaada kupungua. Kisha mnasema zinaweza kupunguza ukuaji wa eneo. Mnaishia hapo. Hamsemi hatari ikishatimia inaangukia mlango wa nani kwanza, wala anabaki na nini. Mimi nakaa kwenye mlango huo, kwa hiyo naomba niwaeleze kwa namba, lugha mnayoipenda.

1. Wastani wenu unatufunika.

Mwaka 2024 uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.5. Ni ukuaji mzuri na siudharau. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha kuwa idadi ya watu nchini imekuwa ikiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Toa moja kwenye nyingine, kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la sita, ubakiwe na asilimia mbili na ushei kwa kila kichwa. Hizo mbili na ushei nazo hazigawanywi sawa kwa sawa.

Mkoa wetu ulimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu watu 1,584,157. Ile ya 2022 ikatukuta 2,140,497. Tumeongezeka kwa theluthi nzima na zaidi katika miaka kumi, na ardhi ni ileile ya Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, imebanwa upande mmoja na Ziwa Victoria na upande mwingine na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta watu 26 kati ya kila 100 nchini wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Kwa Simiyu walikuwa 39. Mkoa uliolisha viwanda vya kuchambua pamba kwa vizazi ndio uliokuwa karibu na mkia wa nchi.

Mwaka 2025 bei ya dhahabu ilipanda mpaka ikavuka dola 4,000 kwa wakia moja. Mauzo ya nje ya Tanzania yakapendeza kwenye majedwali. Dhahabu hiyo inachimbwa Geita na Kahama, majirani zetu, na nawaombea heri. Taarifa za kanda hutuweka kapu moja nao: Kanda ya Ziwa. Mwenye kusoma jedwali akiwa Dodoma au Washington anaona kanda inang'aa, na hawezi kujua kuwa huku Simiyu, Mwanhuzi au Lagangabilili, mwaka huohuo mtu alikuwa akihesabu shilingi za dawa ya pamba.

2. Msimu wa 2019, na kile mnachokiita kuyumba kwa bei.

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 2019 bei dira ya pamba, yaani bei elekezi ya msimu, ilitangazwa kuwa Sh1,200 kwa kilo. Tulishangilia, kwa sababu mavuno yalikuwa mengi. Wakati huohuo Marekani na China zilikuwa zikipandishiana ushuru, na pamba ni miongoni mwa bidhaa zilizopigwa katika ugomvi huo. Bei ya soko la dunia ikaporomoka. Wanunuzi wakapiga hesabu wakaona kwamba ukinunua pamba mbegu kwa 1,200, robota lako lina hasara kabla halijafika bandarini. Wengine wakakaa pembeni. Wengine wakachukua pamba kwa ahadi. Bei haikuguswa kwenye karatasi, ila malipo ndiyo yaliyosimama.

Mimi nilipeleka kilo 1,340 kwenye chama cha msingi cha ushirika. Sitakitaja jina, viongozi wake walikuwa wamebanwa kama mimi. Zidisha kwa 1,200, unapata Sh1,608,000. Nilipewa stakabadhi Juni. Nilikaa nayo hadi Desemba. Julai mwanangu wa mwisho alikuwa akienda kidato cha tano, na shule haipokei stakabadhi ya pamba. Nikauza maksai mmoja kati ya wawili niliokuwa nao. Aliyewahi kushika plau anajua maana ya maneno hayo: maksai mmoja halimi. Novemba nikakodi wa jirani, na anayekodi hulima mwenye mali akishamaliza kwake, kwa hiyo nilipanda nikiwa nimechelewa wiki tatu, na pamba iliyochelewa ndiyo inayoliwa na funza wa vitumba. Msimu wa 2020 sikufikisha kilo 700. Na bei dira ya mwaka huo ilikuwa 810.

Fedha ya 2019 ilikuja kamili. Serikali iliwabana wanunuzi na mabenki mpaka tukalipwa, na kwa hilo nasema wabeja, asante. Lakini shilingi ya Juni na shilingi ya Desemba si shilingi moja kwa mtu asiye na akiba benki. Ile ya Juni inalipa ada na kununua mahindi yakiwa rahisi. Ile ya Desemba inakuta maksai kauzwa.

Sasa tazameni miaka iliyofuata. Mwaka 2022 bei dira ilikuwa 1,560, na ushindani wa wanunuzi ukaipandisha zaidi. Mwaka 2023 ikawa 1,060. Mkulima aliyepeleka kilo zilezile 1,340 mizanini miaka yote miwili, kwa bei dira tupu, alipata Sh2,090,400 mwaka wa kwanza na Sh1,420,400 wa pili. Amepoteza Sh670,000, karibu theluthi moja ya mapato yake ya pamba, bila ya kuugua, bila ya kuzembea, bila ya mvua kumnyima. Mwaka huohuo wa 2023 taifa lilikua kwa asilimia 5.1. Namba zote mbili ni za kweli. Nawauliza kwa heshima: nchi gani ikipoteza theluthi ya pato lake kwa mwaka mmoja mtaiita nchi inayoendelea vizuri? Mngepanda ndege usiku huohuo. Sisi tulipoteza theluthi, na kwenye taarifa yenu hasara hiyo inaitwa kuyumba kwa bei za bidhaa.

3. Ushauri wa kulima mazao mchanganyiko tumeufuata, na hautoshi.

Kila mtaalamu anayefika Bariadi anatuambia tusitegemee pamba peke yake. Ni sawa, na wakulima wa Simiyu hawakungoja kuambiwa: dengu na choroko ziko mbugani, mtama na viazi vitamu vya michembe viko ghalani, ng'ombe wako zizini. Dengu soko lake kubwa ni India. Machi 2018 India iliweka ushuru wa asilimia 60 kwa dengu kutoka nje. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeweka kikomo kwa mbaazi kutoka nje, na wenzetu waliolima mbaazi waliona bei ikianguka mpaka wengine wakaona heri waziache shambani. Mei 2024 India ikafuta ushuru wa dengu kwa sababu wao wenyewe walipungukiwa. Aprili 2025 ikarudisha asilimia 10.

India ina haki ya kuwalinda wakulima wake. Natamani nasi tulindwe hivyo. Ninachosema ni kwamba mkulima wa Dutwa, hapa Bariadi, mwenye pamba na dengu ana mazao mawili, na bei ya yote mawili inaamuliwa mbali naye, moja New York, nyingine Delhi. Ukipanda mbegu mbili tofauti kwenye shamba moja lililo kwenye njia moja ya mafuriko, hujapunguza hatari.

Tena kuna shilingi. Katika nusu ya pili ya 2025 shilingi yetu ilipata nguvu dhidi ya dola, na wengi walisifu. Anayeagiza mafuta na mbolea ana sababu ya kufurahi. Lakini pamba inauzwa kwa dola. Dola ikitoka Sh2,700 hadi Sh2,450, kila dola ya pamba yetu inarudi nyumbani ikiwa imepungua Sh250, hata kama bei ya dunia haikutikisika. Sisemi shilingi ishushwe. Nasema anayepima faida ya shilingi yenye nguvu aandike na upande wa pili wa daftari.

4. Mvua, na tembo.

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu ninyi wenyewe mnalisema. Mwaka 2017 Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinisha mradi wa Simiyu wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, pamoja na fedha za Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, na za serikali yetu, maji yatoke Ziwa Victoria yaje Busega, Bariadi na Itilima, kisha Maswa na Meatu. Ni mradi mzuri. Ni Januari 2026 sasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa idhini yuko shule ya msingi. Mnapohesabu fedha za tabianchi zilizoahidiwa Afrika, hesabuni pia miaka kati ya idhini na bomba.

Kuhusu tembo: utalii wa Serengeti unaingia kwenye pato la taifa, na unastahili. Tembo haohao wakivuka mpaka wa hifadhi usiku, shamba la familia linakwisha kabla ya alfajiri. Anacholipwa mkulima kinaitwa kifuta jasho, na akifiwa, kifuta machozi. Jina lenyewe linakiri kuwa hayo si malipo ya thamani ya kilichopotea. Mapato ya mnyama yanakwenda kwa taifa zima, na hasara yake inabaki kwa kaya moja ya Bariadi au Meatu.

5. Mliondoa aliyekuwa akibeba hatari, hamkuweka mwingine.

Mwaka 1986 Tanzania ilitia saini makubaliano na shirika lenu. Katika mageuzi yaliyofuata, mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Baba yangu alikuwa mwanachama wa ushirika tangu enzi za Victoria Federation, ule muungano wa vyama uliojengwa na akina Paul Bomani katika miaka ya 1950, na aliishi akauona ukipewa majina mengine, ukifutwa 1976, ukirudishwa miaka ya 1980, kisha ukidhoofika soko lilipofunguliwa. Sitaki kuwadanganya wasomaji vijana kwamba zamani ilikuwa pepo. Miaka ya 1980 pamba ililala maghalani kwa kukosa magari, na wakulima walikopwa misimu mizima. Mfumo ule ulikuwa umechoka na soko lilipofunguliwa wanunuzi walileta fedha taslimu mizanini. Nilikuwepo, nilifurahi.

Lakini mfumo ule mbovu ulikuwa na kazi moja ndani yake: bei ya dunia ilipoanguka, kulikuwa na mtu kati ya soko la dunia na mkulima aliyebeba sehemu ya kishindo. Mliposhauri uondolewe, mliondoa na kazi hiyo. Aliyebaki kati ya New York na mimi ni bango la bei dira lililobandikwa kwenye mlango wa ghala. Mnunuzi ana bima, ana benki, anaweza kuuza pamba nyuzi yake kwa mkataba kabla haijachambuliwa. Benki ina dhamana. Serikali ina ninyi: mwaka 2022 mliikubalia mkopo wa zaidi ya dola bilioni moja ili ihimili misukosuko ya nje. Kila mmoja kwenye mnyororo huu ana mahali pa kuegemea isipokuwa yule aliyeanzisha mnyororo wenyewe.

Burkina Faso, nchi inayoishi kwa pamba kuliko sisi, ina mfuko wa kulainisha bei: miaka mizuri unajazwa, miaka mibaya unatoa, kwa kanuni zilizoandikwa. Una matatizo yake. Lakini upo, na nchi hiyo si tajiri kuliko Tanzania.

6. Pamba inaondoka na ajira zetu.

Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania inauzwa nje haijasokotwa. Kilo moja ya pamba mbegu inatoa kama theluthi ya kilo ya nyuzi. Zinazobaki ni mbegu za kukamua mafuta, na mashudu ya ng'ombe. Kazi yetu inaishia hapo. Shati linarudi kutoka ng'ambo, jipya au la mtumba, linauzwa soko la Somanda, hapa Bariadi, kwa mtu aliyeipalilia pamba yake. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo: Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Mwanza walikuwa na Mwatex, Musoma wakawa na Mutex. Mkakati wa kuitoa pamba shambani hadi kwenye nguo uliandikwa kwa miaka ya 2016 hadi 2020, ukamaliza muda wake. Mpango wa AGOA, uliofungua soko la Marekani kwa nguo za Afrika bila ushuru, ulifika mwisho 30 Septemba 2025. Tulikuwa na miaka 25 ya mlango ulio wazi na hatukupita nao ipasavyo. Kwa hilo lawama si yenu peke yenu, nyingi ni za hapa nyumbani.

Mkoa wetu ulijaribu. Maswa walitengeneza chaki, Meatu wakasindika maziwa, na Nyakabindi, hapa Bariadi, ikabeba maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa kwa miaka mitatu, 2018 hadi 2020. Meatu kuna pamba hai inayolimwa kwa mkataba na kampuni ya bioRe tangu 1994, na wakulima wake hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Hiyo inanionyesha kuwa mkulima wa Simiyu akipata mnunuzi aliyejifunga naye kwa miaka mingi, anajua kutimiza upande wake.

Julai 2025 nchi ilizindua Dira ya 2050, yenye lengo la uchumi wa dola trilioni moja. Wapo wakulima wa mkoa huu wenye umri wa kuiona 2050, si mimi, bali wanafunzi wangu. Uchumi wao utajengwa na tija pia, na hapo najilaumu mimi na wenzangu: wastani wa nyuzi tunazopata kwa hekta haufiki nusu ya wastani wa dunia. Lakini nani atatia mbolea na dawa zaidi kwenye zao ambalo linaweza kupoteza theluthi ya bei kati ya kupanda na kuvuna? Anayetia kidogo si mvivu wala mjinga. Anapunguza kile atakachopoteza. Tija ndogo ya Simiyu, mnayoiona kama tatizo la kilimo, ni bima ya maskini. Hatari isipoondolewa mabegani mwake, mbegu bora kutoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru zitakuja na mapato yatabaki palepale.

Ninayoyaomba.

Kwenu IMF. Kwanza, taarifa ya Aprili iwe na kurasa zinazoonyesha hatari zile zinabebwa na nani: bei ya pamba, kahawa au tumbaku ikishuka kwa theluthi, kaya inayoitegemea inapoteza nini, na kwa muda gani. Mna wachumi wa kuifanya kazi hiyo, na takwimu za kaya zipo. Pili, serikali ikija mezani na mfuko wa kulainisha bei ya mazao wenye sheria na mipaka, msiuhesabu kama ruzuku ya kupunguzwa. Uhesabuni kama mnavyohesabu akiba ya fedha za kigeni, ambayo kila mwaka mnaisifu nchi kwa kuwa nayo. Akiba ya nchi ni ya miezi kadhaa ya kuagiza bidhaa nje. Mkulima naye anaomba akiba ya miezi kadhaa ya kula. Tatu, taarifa yenu inatafsiriwa Kifaransa na Kireno. Itafsirini Kiswahili. Wasemaji wake ni mamilioni mengi katika eneo mnaloliandika.

Kwa Wizara ya Fedha. Mfuko huo uundwe kwa sheria ya Bunge, uchangiwe na tozo ndogo miaka ambayo bei imepanda juu ya kiwango kilichoandikwa, na utoe pale bei inaposhuka chini yake, bila kusubiri tamko. Hesabu zake zisomwe hadharani. Na usiguswe kwa kazi nyingine. Nasema hivi kwa sababu wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanakumbuka mwaka 2018, pale sheria ilipobadilishwa na ile asilimia 65 ya ushuru wa kuuza korosho nje iliyokuwa yao ikaelekezwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkulima aliyeona hilo hatachangia mfuko mwingine kwa moyo mweupe mpaka aione sheria kwa macho yake.

Kwa Bodi ya Pamba. Mei bei dira itakapotangazwa, hesabu yake ibandikwe pamoja nayo kwenye kila chama cha msingi, kwa Kiswahili: bei ya soko la dunia siku hiyo, dola ni shilingi ngapi, gharama za kuchambua, usafiri, tozo zote moja moja, na kinachobaki. Karatasi moja inatosha. Nimefundisha watoto wa miaka 12 kufanya hesabu ngumu kuliko hiyo. Na pamba isitoke ghalani kabla ya mwenyewe kulipwa. Asiye na fedha asubiri, ila asisubirie ndani ya mfuko wangu.

Kwa Benki Kuu na wenye takwimu: tutoeni kwenye kapu la Kanda ya Ziwa. Kila mwaka, baada ya msimu, ichapishwe namba ya Simiyu peke yake: pamba kiasi gani, kwa bei gani, na kaya imebaki na shilingi ngapi baada ya kulipa mbegu, dawa na vibarua. Namba hiyo ndiyo itakayowaambia kama ukuaji wa asilimia 6 mnaoutarajia kwa nchi umefika huku.

Vijana ninaowaona hapa mjini wakiendesha bodaboda walikuwa wanafunzi wangu, na wengi wao baba zao wana mashamba. Walitazama mwaka 2019, wakatazama 2023, wakafanya hesabu niliyowafundisha, wakaondoka shambani. Ripoti zenu huwaita vijana wanaohitaji ajira. Ajira ilikuwepo, kilomita nane kutoka hapa, na ilikuwa na hatari ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba pamoja nao.

Mnapokuja Tanzania kukagua mpango wenu, ujumbe wenu huonana na Wizara na Benki Kuu. Ninaomba safari ijayo ipangwe mwezi Juni. Barabara ya Lamadi hadi Bariadi ni lami. Njooni siku ya kununua, mkae kwenye benchi la chama cha msingi tangu saa moja asubuhi, mtazame pamba ikipimwa na watu wakipokea walichopokea. Mizani ni ya wazi, kila mtu anaisoma. Mimi nitakuwepo na mzigo wangu, na majibu yenu nitayasoma mbele ya wanachama.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu mstaafu na mkulima wa pamba,
Bariadi, Simiyu